Njia Fupi, Safari Ndefu

Somo la wiki: Mwanzo 32 na 33



Kuna swali ambalo watu wengi huziuliza simu zao usiku, watoto wakishalala na kelele za mtaa zikishapungua: kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilomita ngapi, na ndege inachukua muda gani? Jibu huja upesi. Kwa mstari ulionyooka wa angani ni kama kilomita 850. Ndege ya jeti huchukua saa moja na nusu hivi, na ya pangaboi hukaribia saa mbili. Kwa barabara, ukipita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, ni zaidi ya kilomita 1,100, na basi linaloondoka alfajiri hukufikisha usiku. Kwa reli ya kati, kupitia Tabora, ni zaidi ya kilomita 1,200.

Majibu hayo ni sahihi, na ni vema kuwa nayo. Lakini anayeuliza mara nyingi ana swali jingine chini ya hilo. Mmoja anapiga hesabu kama atawahi maziko ya shangazi yake. Mwingine anapima nauli, ada za watoto na siku za likizo alizobakiza. Na yupo yule ambaye nauli anayo, likizo anayo, afya anayo, ila hajui atasema nini mlango ukifunguliwa na macho yakakutana. Huyu ndiye ninayetaka tukae naye wiki hii, taratibu, bila kumharakisha. Labda ni jirani yako kanisani. Labda ni wewe.

Tuitazame kwanza safari yenyewe, maana ina la kutufundisha. Jeti ikishafika juu husafiri karibu kilomita 800 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 850 zingeisha kwa saa moja na dakika chache tu. Mbona basi ratiba inaandika zaidi? Kwa sababu ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho yake mpaka itakapoegeshwa upande wa pili. Ndani ya muda huo kuna kwenda polepole kuifuata njia ya kurukia, kusubiri ruhusa ya mwongoza ndege, na kupanda hatua kwa hatua. Na ikiwa bado zaidi ya kilomita 100 kabla ya Mwanza, rubani huwa ameshaanza kushuka na kupunguza mwendo, ili magurudumu yaguse ardhi salama.

Na hapo bado hatujamhesabu abiria mwenyewe. Anayeishi Mbagala au Kimara huondoka nyumbani mapema, akiiachia foleni nafasi yake. Hutakiwa kuwa uwanjani saa mbili hivi kabla. Mzigo upimwe, yeye akaguliwe, kisha akae kwenye chumba cha kusubiria hadi aitwe. Akitua Mwanza asubiri begi lake, halafu atafute usafiri wa Kisesa, au wa Magu, au wa Sengerema. Ukijumlisha yote, safari tunayoiita ya saa moja na nusu imekula nusu ya siku au zaidi, na sehemu kubwa ya muda huo imepita ardhini. Angani ndipo penye umbali, lakini ardhini ndiko unakokwenda muda.

Je, si ndivyo ilivyo pia kwa amani kati ya watu? Kumwomba mtu msamaha ni sentensi ya pumzi moja. Kumwambia ndugu yako kwamba humdai tena ni jambo la dakika. Kinachochukua muda ni yale yanayotangulia: kukubali kwamba pana jeraha, kulileta mbele za Mungu, kuupima mzigo tulioubeba na kuona ni upi hautufai, kusubiri mahali ambapo hakuna dalili ya jambo lolote kusogea. Kwa hiyo, mpendwa, kama bado uko ardhini, usijihesabu kuwa mtu mgumu asiyesamehe. Huenda umeshaondoka nyumbani na hujajua. Kule kuumia kwako unapolisikia jina lake, na kule kutamani mambo yangekuwa vingine, huenda ni mwanzo wa safari.

Njia hii ya kutoka pwani hadi ziwani iliwahi kuwa ya miezi. Mwezi Juni 1878 wamisionari wa kwanza wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadri Weupe, waliondoka Bagamoyo kwa miguu pamoja na wapagazi wao. Walifika Kageye, kando ya ziwa karibu na Mwanza, mwaka ulipokuwa unaisha. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912, na tawi la kwenda Mwanza likakamilika 1928. Hapo miezi ikawa siku. Mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Morogoro na Dodoma, na kazi ya kuifikisha reli hiyo Mwanza inaendelea. Mwezi Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 juu ya maji, na mwenye mama Sengerema sasa hasubiri tena kivuko.

Tumshukuru Mungu kwa mikono iliyofanya kazi hizo, ya waliochimba na waliobeba, wengi wao wasiojulikana majina. Lakini tujiulize pamoja, kwa unyenyekevu: njia ya nusu mwaka ilipokuwa safari ya saa moja na nusu, je, ndugu waliokosana walisogeleana kwa kipimo hicho? Tunajua haikuwa hivyo. Wapo waliotembea miezi wakafika kwa furaha, na wapo ambao ndege hupita juu ya vichwa vyao kila siku na bado hawajavuka. Wahandisi wametufupishia njia, na ni neema. Sehemu iliyobaki Mungu ametuachia sisi, na ameahidi kutembea nasi ndani yake.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Yakobo. Unakijua kisa chake na Esau kaka yake: ile baraka aliyoichukua kwa hila, Isaka baba yao mzee asiyeona, na hasira ya kaka iliyofikia kupanga kuua. Rebeka, mama yao, alimwita Yakobo akamtuma kwa mjomba wake Labani, huko Harani. Alimwambia akae huko siku chache tu, mpaka hasira ya kaka yake itulie, kisha angetuma mtu kumrudisha. Mama alipiga hesabu ya siku. Yakobo alikaa miaka 20.

Na Maandiko, kwa uangalifu wake, yanatuachia kipimo cha njia hiyo pia. Yakobo alipoondoka kwa Labani kwa siri, habari zilimfikia mjomba wake siku ya tatu. Labani akamfuatia mwendo wa siku saba, akamkuta katika milima ya Gileadi. Yaani kwa siku kama kumi, akiwa na wake zake, watoto wadogo, kondoo na mbuzi, Yakobo alikuwa ameshaikaribia nchi ya baba yake. Siku kumi za njia, miaka 20 ya kutoonana.

Sisemi haya kumlaumu Yakobo. Tukimsoma vizuri tunaona hakukaa bure. Alifanya kazi juani na kwenye baridi ya usiku, akaoa, akalea watoto, akavumilia mwajiri aliyembadilishia ujira mara kumi. Siku zake zilijaa mambo ya halali. Hivyo ndivyo miaka inavyopita, mpendwa. Ni wachache wanaokaa kitako na kuamua kwamba hawatamwona ndugu yao kwa miaka 20. Huwa tunasema mwaka huu ada ni nyingi, tutaona mwakani. Tunasema nyumba ikiisha. Tunasema mtoto akimaliza kidato cha nne. Kila sababu ina uzito wake, na zote zikikusanyika zinakuwa umbali ambao hakuna ramani inayouonyesha.

Katika miaka hiyo yapo yaliyopita pasipo kurudi. Maandiko hayasimulii popote kwamba Rebeka alimwona tena mwanawe. Tunasoma juu ya Isaka kuzikwa na wanawe wote wawili. Kuhusu mama, aliyetarajia siku chache, hatusomi mkutano wowote. Nakuomba ulitafakari hili kwa utulivu, bila hofu, kama mtu anayetazama saa ukutani na kuona kwamba muda bado upo, ila si mwingi kama alivyodhani. Je, yupo mtu anayekungoja ambaye umri wake umekwenda?

Sasa Yakobo yuko njiani. Anatuma wajumbe watangulie kwa Esau, nao wanarudi na habari ya kutisha: kaka yako anakuja kukulaki, ana watu 400. Yakobo akaogopa sana. Akawagawa watu wake makundi mawili, ili moja likishambuliwa jingine lipone. Akaandaa zawadi: mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda, zaidi ya wanyama 550, akawatanguliza kundi moja baada ya jingine. Akaomba, akamkumbusha Mungu ahadi zake. Kisha usiku, kwenye kivuko cha Yaboki, akabaki peke yake, akashindana mpaka alfajiri na yule aliyemgusa nyonga. Asubuhi alitoka pale akichechemea, amebarikiwa.

Angalia mpangilio huo. Kabla ya kukutana na kaka yake, Yakobo alikutana na Mungu. Safari kwa Esau ilipita Yaboki. Nasi pia, kabla ya kupiga simu au kukata tiketi, tunahitaji usiku wa namna hiyo, ambapo tunaacha kujitetea na kumwambia Bwana ukweli wote: niliumizwa, na niliumiza. Huenda tukatoka pale tukichechemea, bila ule ujasiri wa mtu mwenye haki zote. Na huenda kuchechemea huko kukawa ndiko kunakomfanya ndugu yetu atupokee.

Kulipokucha, Yakobo alikwenda mbele akainama mara saba. Na Esau je? Esau alikimbia. Alimkumbatia, akamwangukia shingoni, akambusu, wakalia wote wawili. Zile zawadi alizikataa kwanza, akisema anavyo vya kutosha. Yakobo, akiwa na machozi bado machoni, akamwambia kwamba kuuona uso wake ni kama kuuona uso wa Mungu.

Ni nini kilichotokea? Kwa miaka 20 Yakobo alitembea na picha ya Esau wa siku ile: mwenye hasira, mkono kwenye silaha. Hofu yake haikuwa na habari mpya. Haikujua kwamba Esau naye alizeeka kidogo, akapata watoto, akapata mali, na kwamba Mungu aliyekuwa akimlea Yakobo huko Harani alikuwa pia na kazi yake katika moyo wa Esau huko Seiri. Yakobo alipanga zawadi zimtangulie. Hakujua kwamba neema ilikuwa imezitangulia zawadi.

Mpendwa, yule unayemwogopa ni wa mwaka gani? Je, ni yeye alivyo leo, au ni yeye alivyokuwa siku mliyoachana?

Fikiria ndugu wawili ambao ungeweza kuwakuta katika usharika wetu wowote. Kaka yuko Dar es Salaam. Mdogo wake wa kike yuko Magu, na mama yao. Baba alipofariki, matanga hayajaisha vizuri, yakazuka maneno juu ya shamba na ng'ombe. Yakasemwa yasiyosemwa mbele ya wakwe. Kaka akarudi mjini bila kuaga. Tangu hapo habari hupitia kwa baba mdogo. Kila mwisho wa mwezi kaka hutuma pesa za dawa za mama kwa simu, na mdogo wake huzipokea, hununua dawa, huwanunulia wa nyumbani dagaa na mchele. Hakuna anayeandika neno. Pesa hufika kwa sekunde chache. Sauti haijafika kwa miaka.

Usidharau uaminifu wa hao wawili. Kaka anatuma bila kukosa, hata mwezi wa Januari wenye ada. Dada anamkanda mama magoti kila jioni na kuamka naye usiku. Upendo upo, tena unafanya kazi, ila unafanya kazi ukiwa umefumbwa mdomo. Na kila mmoja ana picha ya zamani. Kaka anamwona mdogo wake amesimama pale uani, amefunga mikono kifuani, akisema asirudi tena. Hajui kwamba katika sala ya jioni, mama anapotaja majina ya watoto wake, sauti ya dada ndiyo inayoitikia amina ya kwanza. Dada naye anamwona kaka anayeondoka bila kugeuka. Hajui kwamba kaka huyo ameshatafuta kwenye simu yake, zaidi ya mara moja, muda wa ndege kutoka Dar hadi Mwanza.

Wafanye nini? Si lazima waanze na shamba. Si lazima waanze na nani alikosa. Jioni moja kaka anaweza kupiga simu. Ataitikiwa kwa kimya kidogo, kisha malezi yatafanya kazi yake: "Shikamoo, kaka." Naye ataitikia, "Marahaba, mdogo wangu. Nimepiga kuwasalimia tu. Magoti ya mama yanaendeleaje?" Dakika tatu zinatosha. Kesho yake, au wiki ijayo, dakika nyingine tatu. Mambo ya shamba yatapata siku yake, pengine mbele ya wazee, watu wakiwa tayari wanasalimiana. Wengi hushindwa kwa sababu wanataka kuyamaliza yote kwa simu moja.

Marubani wana kanuni ya zamani juu ya upotofu mdogo. Ukitoka Dar es Salaam na uelekeo wako umekosea nyuzi moja tu, kosa ambalo jicho haliwezi kuliona, mwisho wa kilomita 850 utajikuta kama kilomita 15 pembeni mwa mahali ulipokuwa unakwenda. Upepo nao husukuma. Kwa hiyo hakuna anayenyoosha ndege mara moja akalala. Uelekeo hurekebishwa kidogo kidogo, njia nzima, na mitambo na watu wanaokesha. Huo ndio uaminifu wa kila siku. Ndoa haiharibiki kwa siku moja, wala urafiki, wala maisha ya sala. Nyuzi moja leo, neno lisiloombewa radhi. Nyuzi moja kesho, salamu iliyoachwa. Na habari njema ni kwamba marekebisho nayo huwa madogo. Anayesema samahani jioni ileile hahitaji miaka 20.

Huenda unasoma na kusema: mimi sina ndugu Mwanza, watu wangu wote wako hapa nyumbani. Basi kumbuka yule mwana mkubwa katika mfano wa Bwana Yesu, kwenye Luka 15. Tunamzungumzia sana mdogo aliyekwenda nchi ya mbali, na ni haki, maana kurudi kwake kunatupa tumaini. Alikuwa ametunga maneno ya kusema njiani, na baba hakumwacha hata ayamalize. Alimtambua kabla hajakaribia, akamkimbilia. Lakini mwana mkubwa hakuwahi kuondoka. Umbali wake kutoka kwa baba ulikuwa wa hatua chache, kutoka uani hadi mlangoni, penye nyimbo na nyama ya ndama. Na hatua hizo chache zilimshinda. Baba akatoka nje pia kwa ajili yake, akambembeleza. Yesu hakutuambia kama aliingia. Ameuacha mlango wazi.

Tazama, wana wote wawili waliendewa. Aliye mbali alikimbiliwa, aliye karibu alifuatwa uani. Huyu ndiye Mungu wetu. Sisi tukihesabu umbali, yeye ameshaondoka kuja. Katika Kristo alikuja mwenyewe kutufikia, hakutungoja tumalize safari. Kwa hiyo hatua unayoombwa kuichukua kumwelekea mwenzako unaichukua ukiwa tayari umekumbatiwa, na hilo hubadilisha namna ya kutembea. Anayekwenda kutafuta heshima huchoka njiani. Anayekwenda akijua amependwa anaweza kuvumilia hata mlango ukifunguliwa nusu.

Niseme pia neno kwa ajili ya aliyejeruhiwa vibaya. Kama aliyekuumiza bado ana nia na nguvu za kukuumiza, sikwambii urudi chini ya mkono wake. Yakobo na Esau walipatana kweli, wakalia pamoja, na siku hiyohiyo Esau akarudi Seiri, Yakobo akaenda Sukothi. Hawakuhamia hema moja. Hata hivyo siku ya kumzika baba yao walisimama pamoja. Inawezekana kusamehe na kuishi mbali. Inawezekana kumwachia Mungu hesabu na bado kuufunga mlango usiku. Ukihitaji mtu wa kusimama nawe, mzee wa kanisa, mchungaji, au dada unayemwamini, usione haya kumwita. Safari nyingine hazifai kusafiriwa peke yako.

Basi wiki hii tufanye nini? Nakuomba mambo mepesi. Asubuhi moja, kabla ya pilikapilika, mtaje mtu huyo kwa jina mbele za Mungu, na usiseme lolote juu yake isipokuwa kumwombea mema. Ukiona ni vigumu, sema hivyo pia, Bwana hashangai. Siku nyingine, upime mzigo wako: ni lipi la kweli ulilotendewa, na ni lipi umeliongeza mwenyewe kwa kulirudiarudia miaka hii yote? Kisha chukua hatua moja ndogo inayoweza kupokelewa: salamu, pole kwa msiba wake, kumuulizia mtoto wake, kukaa benchi moja naye kanisani. Asipojibu, usihesabu kwamba umeshindwa. Yawezekana naye yuko ardhini, anasubiri ndani mwake kuitwa. Mpe muda uleule ambao Mungu amekupa wewe.

Na wewe ambaye umeshafika, uliyesamehe na kusamehewa, linda ulichopewa. Piga simu hata pasipo jambo. Tembelea kabla ya ugonjwa. Ukiwa na nauli ya kwenda kuzika, jitahidi uwe na nauli ya kwenda kusalimia. Wazazi wetu hawatuhitaji tufike na mengi. Wanahitaji kutuona tunaingia mlangoni tukiwa na muda.

Tuombe. Bwana, wewe uliyemlinda Yakobo njiani na kuulainisha moyo wa Esau, tutangulie. Waguse wale tunaowaogopa, na utuguse sisi tunaoogopwa. Tupe maneno machache na ya kweli. Walinde wote wanaosafiri wiki hii, angani, barabarani, relini na ziwani. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mpendwa, umbali umeshaujua, na muda umeshaujua. Kama yupo wa kumpigia simu, mpigie kabla ya Jumapili. Bwana akutangulie.